Unyayo Wenye Uvungu: Tazama Kisigino Kwanza

Fundi viatu aliyekuwa akiketi chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka kliniki ya mazoezi tiba nilikoanzia kazi, ndiye aliyenifundisha kusoma kiatu. Akipewa kiatu cha kushona, hamtazami kwanza mwenye nacho. Hukigeuza chini juu, akapitisha kidole gumba kwenye soli, ndipo akauliza, "Mguu unakuuma?" Soli za watu wengi hulika kidogo nyuma, upande wa nje wa kisigino, na hilo hakulijali. Alichokuwa akiniita nije nione ni kiatu kilicholika ukingo wote wa nje, tangu kisigino mpaka chini ya kidole cha mwisho, ilhali upande wa ndani bado una meno ya kiwandani. Wenye viatu vya namna hiyo wakivua soksi, karibu wote walikuwa na unyayo ulioinuka katikati hata ukaweza kupenyeza vidole viwili vya mkono chini yake.

Kiswahili kina neno zuri la nafasi hiyo: uvungu. Kitanda kina uvungu wake, na unyayo nao una wake. Karibu kila mtu anao. Shida huanza pale uvungu unapozidi, mguu ukawa unasimama kwa kisigino na mashina ya vidole tu, katikati pakabaki hewani hata mtu akiwa amejitwika ndoo ya maji. Madaktari huuita pes cavus, Kilatini chenye maana hiyohiyo ya mguu wenye uvungu.

Nimewapokea wazazi wengi waliokuja mbio na mtoto wa miaka mitatu kwa sababu ana nyayo bapa. Mwenye uvungu mkubwa haletwi. Watu huona ana mguu mzuri, uliochongeka. Kwa maoni yangu wasiwasi huo umekaa upande usio wake. Unyayo bapa wa mtoto mdogo, ikiwa unanyumbulika na haumuumi, mara nyingi ni wa umri tu: mafuta yamejaa chini ya mguu, na upinde hujitokeza wenyewe kadiri anavyokua. Lakini unyayo unaozidi kuinuka mtoto akiwa na miaka 8 au 12 ni habari nyingine. Huo unataka kuulizwa umetoka wapi.

Hebu nianze na kijana mmoja, maana kwake nilijifunza kosa ambalo bado naliona likirudiwa kila mwezi. Alikuwa na miaka 19, mchezaji wa mpira wa mtaani, na kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimeteguka mara ya sita. Kila mara kilikandwa kwa maji ya moto na kufungwa bandeji, akapumzika wiki mbili, akarudi uwanjani. Safari ya mwisho rafiki yake alimshauri anunue soli za kuweka ndani ya kiatu, zile zenye kilima upande wa ndani zinazouzwa kwa ajili ya nyayo bapa. "Shikamoo daktari," akaniambia, "nilifikiri uvungu ukijazwa mguu utatulia. Badala yake sasa nateguka hata nikishuka ngazi." Alinionyesha soli zenyewe. Zilikuwa nzuri, ngumu kiasi, zimetengenezwa vizuri, na zilikuwa zikimsukuma aanguke.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi tuuingie mguu wenyewe.

Unyayo una mifupa 26, nayo haikulazwa chini kama matofali ya sakafu. Imejengwa kama upinde wa mwindaji. Mti wa upinde ni mifupa, na ugwe wake ni utando mgumu unaotoka chini ya kisigino na kwenda kujishika kwenye mashina ya vidole. Mwaka 1954 mtaalamu wa Uingereza, J. H. Hicks, alieleza jinsi ugwe huo unavyofanya kazi: kidole gumba kikikunjwa kwenda juu, kama kinavyokunjwa kila tunaponyanyua kisigino ili tupige hatua, utando huvutwa na kujizungusha kwenye shina la kidole, upinde ukainuka na mguu mzima ukakaza. Jaribu sasa hivi. Kaa, weka mguu sakafuni, inua kidole gumba kwa mkono, na utaona uvungu unakua mbele ya macho yako. Mguu wenye afya hufanya kazi mbili kwa zamu. Unapotua hulegea na kupokea kishindo, na unapoondoka hukaza ukawa nyenzo ya kusukumia. Mguu wenye uvungu uliozidi umekwama kwenye zamu ya pili. Umekaza saa zote. Kishindo usichokipokea hupanda kwenye muundi na kushuka kwenye ukingo wa nje wa unyayo.

Jambo hilo limepimwa. Mwaka 2001 Williams na wenzake huko Marekani walilinganisha wakimbiaji 20 wenye upinde wa juu na wengine 20 wenye upinde wa chini. Wale wa upinde wa juu walikuwa na majeraha zaidi ya mifupa, ya kifundo na ya upande wa nje wa mguu. Wale wa upinde wa chini waliumia zaidi goti, misuli na upande wa ndani. Miguu inaumia kufuatana na mahali inapobeba mzigo. Mfupa ulio nyuma ya kidole cha mwisho ni mmoja wa wanaolipia, kwa sababu kila hatua inaangukia juu yake. Daktari Robert Jones wa Liverpool aliueleza mvunjiko wa mfupa huo mwaka 1902 baada ya wake mwenyewe kuvunjika akicheza dansi, na mpaka leo mvunjiko huo unaitwa kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye kisigino, ambacho ndicho kiini cha safu hii.

Mguu unasimama juu ya mafiga matatu: kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho. Aliyewahi kupika kwa kuni anajua kinachotokea figa moja likiwa refu kuliko mengine. Sufuria hulalia upande wa pili. Katika nyayo nyingi zenye uvungu figa lililorefuka ni lile la kidole gumba: mfupa wake wa nyuma umeelekea chini kuliko inavyopasa. Mtu akikanyaga, figa hilo linagusa ardhi kabla ya wenzake, na ili mguu utue wote, kisigino kinalazimika kugeukia ndani na uzito kulalia ukingo wa nje. Kifundo kinakaa siku nzima kikiwa nusu ya njia ya kuteguka. Jiwe dogo tu linatosha kukimalizia safari.

Ndiyo maana soli za yule kijana zilimdhuru. Kilima kilichowekwa upande wa ndani kilikuwa kinarefusha zaidi upande uleule uliokwisha kurefuka. Aliongeza jiwe chini ya figa lililozidi.

Kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote katika kazi yangu kwa sababu hakihitaji umeme wala bili. Sherman Coleman na William Chesnut wa Utah, Marekani, walikichapisha mwaka 1977. Mgonjwa anasimama juu ya ubao wenye unene wa takriban sentimita 2.5, kisigino na ukingo wa nje wa mguu vikiwa juu ya ubao, na shina la kidole gumba likiachwa lining'inie pembeni mpaka liguse sakafu. Kwa maneno mengine, umelichimbia shimo figa refu. Kisha unaenda nyuma ya mgonjwa, unachuchumaa na kutazama kisigino. Kikinyooka, umepata habari mbili njema: kosa liko mbele ya mguu, na kiungo cha nyuma bado kinanyumbulika. Kikibaki kimegeukia ndani vilevile, maana yake kimeshakakamaa, na soli peke yake haitakinyoosha. Kipimo cha dakika moja kinaamua njia ya miaka mingi. Nasikitika kila nikimpokea mgonjwa mwenye bahasha nene ya picha za eksirei ambaye hajawahi kusimamishwa juu ya kipande cha ubao.

Hata nyumbani kuna la kuangalia. Arthur Manoli na Brian Graham waliandika mwaka 2005 kuhusu uvungu wa kificho, ule usioonekana wazi lakini unaomtegua mtu mara kwa mara. Dalili waliyoielekeza ni rahisi. Mwambie ndugu yako asimame wima, miguu imeelekea mbele sawasawa, umtazame kwa mbele. Kwa kawaida kifundo hukificha kisigino. Ukiona nyama ya kisigino inachungulia upande wa ndani wa kifundo, kisigino hicho kimegeuka. Mpige picha kwa simu, uweke tarehe, na urudie baada ya miezi sita. Picha mbili za namna hiyo zina thamani kwa daktari kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu swali kubwa kuliko yote ni hili: unyayo huu ulikuwa hivi tangu zamani, au unabadilika?

Zipo familia ambazo babu, shangazi na wajukuu wote wana uvungu mkubwa, wanalima, wanatembea kwenda sokoni na kurudi, na hakuna anayelalamika. Hao waacheni. Umbo peke yake halihitaji dawa. Jeshi la Marekani lilijaribu kuwapa askari wanafunzi viatu kulingana na umbo la upinde, viatu vya kupunguza kishindo kwa wenye upinde wa juu na vigumu kwa nyayo bapa, na Knapik na wenzake walipochunguza maelfu yao, taarifa zikitoka tangu 2009, hawakukuta tofauti ya maana ya majeraha kati yao na wale waliopewa kiatu cha aina moja. Kwa hiyo muuza viatu anayekukanyagisha kwenye kioo na kukuambia upinde wako unahitaji kiatu fulani cha bei fulani, msikilize kwa heshima, kisha mwulize kama ametazama kisigino chako.

Lakini unyayo wa mtu mzima au mtoto ukibadilika, au ukianza kuuma, hapo kuna kinachoubadilisha. Uchunguzi wa madaktari wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1963, kwa wagonjwa waliodhaniwa kuwa na uvungu usio na sababu, ulikuta kuwa takriban theluthi mbili walikuwa na tatizo la mishipa ya fahamu. Hii ndiyo sababu nasema uvungu si mambo ya mguu pekee.

Fikiria mchezo wa kuvutana kamba. Msuli ulio mbele ya muundi unavuta kidole gumba juu. Msuli mrefu wa upande wa nje, unaopita chini ya unyayo, unakivuta chini. Msuli wa ndani unageuza mguu ndani. Msuli mfupi wa nje unaugeuza nje. Timu zikilingana, mguu unakaa katikati. Sasa chukua ugonjwa unaodhoofisha neva. Neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazofika miguuni, na ndizo zinazoanza kuathirika. Msuli wa mbele ya muundi na ule mfupi wa nje hulegea mapema, ilhali wapinzani wao wanaendelea kuwa na nguvu. Kamba inahamia upande mmoja. Figa la kidole gumba linashuka, kisigino kinageuka, na vile vimisuli vidogo ndani ya unyayo vikiisha, vidole hujikunja kama makucha ya kuku. Mguu unachongwa polepole, mwaka hadi mwaka, na misuli yake mwenyewe.

Ugonjwa unaojulikana zaidi kwa kufanya hivi unaitwa Charcot-Marie-Tooth, kwa majina ya madaktari watatu. Jean-Martin Charcot na Pierre Marie waliueleza Paris mwaka 1886, na mwaka huohuo Howard Henry Tooth akauandikia tasnifu yake Cambridge. Hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya kila 2,500 anao. Mwaka 1991 watafiti waligundua kuwa aina yake ya kawaida zaidi inatokana na kipande cha kromosomu ya 17 kilichorudufika, na katika aina hiyo kila mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Kwa hiyo nikimpata mtoto mwenye uvungu unaokua, humwomba mama na baba nao wavue viatu. Nimemwona baba aliyeishi miaka arobaini akiamini miguu yake iliharibiwa na viatu vya shule, mpaka siku ile mwanawe alipokaa kando yake na miguu minne ikafanana. Hutazama mikono pia, kama nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada imeanza kubonyea, kama kufunga vifungo vya shati kumekuwa kazi. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haipo bado. Kuulinda mguu kunawezekana sana.

Huku kwetu kuna sababu nyingine ambazo vitabu vya ng'ambo huzipita haraka. Wazee waliopata polio utotoni bado tunao, na polio ikishaua msuli wa shavu la mguu, kisigino kinashuka chini na uvungu unakuwa wa namna yake, mzito nyuma na mtupu katikati. Kisukari kinapochosha neva za miguu, vidole hujikunja na mto wa mafuta ulio chini ya mashina ya vidole unasogea mbele, mifupa ikabaki inakanyaga ngozi tupu. Ukoma, ambao bado unaripotiwa Tanzania, hupiga neva inayopita nje kidogo chini ya goti na ile inayopita nyuma ya kifundo. Wapo pia waliovunjika muundi au kubanwa mguu ndani ya hogo lililokaza mno, misuli ikakosa damu na kusinyaa. Katika kisukari na ukoma hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mguu umekufa ganzi. Kidonda huanza chini ya shina la kidole gumba na mwenyewe hajui mpaka aone damu kwenye soksi.

Hapa niseme kuhusu sugu. Ngozi ngumu chini ya mashina ya vidole na ukingo wa nje ni alama ya mahali mzigo ulipozidi. Watu huzikata kwa wembe. Kwa mwenye ganzi, wembe huo unaweza kuwa mwanzo wa kukatwa mguu. Loweka kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia, paka mafuta, na mwenye kisukari ampe kazi hiyo mhudumu wa afya. Sugu itarudi kila mara kama mzigo haujahamishwa.

Mzigo unahamishwaje? Kwa soli iliyotengenezwa kinyume na ile ya yule kijana. Kisigino kinainuliwa kidogo upande wa nje, milimita tatu hadi tano kwa kuanzia, na kinyanyuo hicho kinaendelezwa mpaka chini ya kidole cha mwisho. Chini ya shina la kidole gumba soli inachongwa kishimo, ili figa lile refu lizame humo na wenzake wafike chini. Uvungu wenyewe haujazwi kwa kilima kigumu. Unapokelewa kwa sponji inayoufuata umbo lake, mzigo upate mahali zaidi pa kukaa. Joshua Burns na wenzake walifanya jaribio huko Sydney kwa watu 154 wenye maumivu ya nyayo za uvungu, nusu wakapewa soli zilizotengenezwa kwa kipimo cha mguu na nusu soli za kuigiza. Taarifa yao ya mwaka 2006 ilionyesha kuwa baada ya miezi mitatu hata kundi la pili lilipata nafuu kiasi, lakini la kwanza lilipungukiwa maumivu zaidi na kutembea vizuri zaidi. Huo ni ushahidi mzuri, tena kwa kifaa ambacho kinaweza kutengenezwa hapahapa. Chuo cha TATCOT kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981 kimefundisha mafundi wa vifaa tiba vya viungo kutoka nchi nyingi za Afrika, na wengi wanafanya kazi katika hospitali ambazo wagonjwa wake hawajui kuwa wapo. Uliza kitengo cha viungo bandia, hata kama viungo vyako vyote unavyo. Ukikosa kabisa, fundi viatu mwenye mkono mzuri anaweza kuongeza kipande cha raba chini ya soli upande wa nje wa kisigino kwa maelekezo ya mtaalamu. Yule wa chini ya mwarobaini aliwafanyia wagonjwa wangu wengi hivyo, na kazi yake ilidumu kuliko kiatu.

Kuhusu viatu vyenyewe, kandambili ni adui wa unyayo huu. Haishiki kisigino, kwa hiyo vidole hulazimika kuing'ang'ania kila hatua, na vidole vinavyotaka kujikunja vinapewa sababu ya kujikunja zaidi. Ya bafuni sawa. Ya kwenda shambani kilomita tatu, hapana. Hata katambuga lenye mkanda nyuma ni bora, likitandikwa sponji juu. Mguu wa uvungu, kwa kuwa sehemu yake ya mbele imeinama, hustareheka kwenye kiatu kilichoinuliwa kisigino kidogo kuliko kiatu bapa kabisa. Nasema kidogo, maana kiatu kirefu chenye kisigino chembamba kwa mtu anayeteguka ni hatari. Kiwe na nafasi ya juu mbele ili vidole vilivyokunjika visisuguliwe, na kiwe cha kufunga kamba. Mitumba mingi ni viatu imara kuliko vipya vya bei rahisi, ila kabla hujalipa, kiweke kiatu juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kikiwa kimelalia upande wa nje, aliyekivaa kabla yako alikuwa na mguu kama wako, na ulemavu wake ameuacha humo ndani.

Mazoezi hayatashusha upinde ulioinuliwa na neva. Yanachofanya ni kuuchelewesha mguu kukakamaa na kumpunguzia mtu kuteguka. Shavu la mguu livutwe kila siku: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, goti limenyooka, mpaka usikie mvuto bila maumivu. Misuli ya nje ifanyishwe kazi kwa kusukuma mpira wa baiskeli uliofungwa kwenye mguu wa kitanda. Kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, karibu na ukuta wa kushikia, kunaufundisha upya mfumo wa mizani. Mwenye mguu unaoburuta kwa sababu msuli wa mbele umekufa anahitaji pia kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo, naye asikione kama aibu.

Upasuaji una nafasi yake, na nafasi hiyo ina wakati. Mguu ukiwa bado unanyumbulika, ukijibu vizuri kwenye ubao wa Coleman, bingwa wa mifupa anaweza kulegeza ugwe uliokaza, kuhamisha kano ya msuli wenye nguvu ikaisaidie timu iliyoshindwa, na kukata mfupa wa nyuma ya kidole gumba ili kuliinua figa. Kisigino kilichokwisha kukakamaa kinahitaji kukatwa na kuelekezwa upya; F. C. Dwyer wa Liverpool alieleza njia yake mwaka 1959 na bado inatumika. Mgonjwa akichelewa sana, kinachobaki ni kuunganisha viungo vitatu vya nyuma ya mguu visicheze tena. Mguu unanyooka, lakini viungo vya jirani vinarithi kazi yote. Wetmore na Drennan waliwafuatilia wagonjwa wa Charcot-Marie-Tooth waliofanyiwa hivyo, kwa wastani wa miaka 21, na mwaka 1989 wakaripoti kuwa karibu nusu ya miguu ilikuwa imeishia pabaya. Kwa sababu hiyo mimi ni mmoja wa wanaoamini kuwa kumsubirisha kijana wa miaka 14 "mpaka akue" bila kumpima kila baada ya miezi sita ni kumpokonya upasuaji mwepesi na kumwachia mzito.

Wanaotibu watoto waliozaliwa na nyayo za kupinda wanaijua siri hii ya mafiga kutoka upande mwingine. Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa na ambaye mbinu yake Uganda iliieneza kitaifa mapema miaka ya 2000, alifundisha kwamba hogo la kwanza kabisa liinue figa la kidole gumba ili uvungu uondoke, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Aliyekuwa akiushika mguu wa mtoto na kuusokotea upande wa nje kwa nguvu, akidhani anaunyoosha, alikuwa anauongeza uvungu. Kosa lilelile la soli zenye kilima, kwa mtoto wa wiki mbili.

Yule kijana tulimtoa soli zake, tukamchongea nyingine, na mwezi wa tatu alirudi mazoezini. Hakuna aliyekuwa na ugonjwa wa neva kwao, neva zake zilipimwa zikawa nzima, na uvungu wake ulikuwa wa miguu yote miwili kwa usawa. Si kila mtu ana bahati hiyo. Kuna msichana wa miaka 11 aliyeletwa kwangu kwa ajili ya soli tu, kiatu chake cha kushoto kikiisha haraka kuliko cha kulia. Mguu wa kulia ulikuwa wa kawaida kabisa. Wa kushoto ulikuwa na uvungu, mwembamba kidogo na mfupi kwa nusu kidole, na juu ya makalio, katikati ya mgongo, palikuwa na kishungi cha nywele ambacho familia ilikiona tangu azaliwe. Nilipomwuliza mama yake faraghani, alisema mtoto alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani na walikuwa wakimgombeza. Sikumpa soli. Nilimwandikia barua aende kupigwa picha ya MRI ya mgongo, na ikakutwa kuwa ugwe mgongo wake ulikuwa umenaswa chini, unavutwa kila anavyorefuka.

Mzazi unayesoma haya, jioni ya leo panga viatu vya watoto wako mlangoni na uvitazame kwa nyuma. Ukikuta kimoja kinalika au kulala tofauti na mwenzake, mvue mtoto soksi, linganisha miguu yake miwili, kisha mtazame na mgongo. Uvungu wa upande mmoja usiupeleke kwa muuza soli. Upeleke hospitali, mwezi huu, na umwambie daktari achunguze uti wa mgongo.